Nywele za Mwaka wa Uhuru

Jumatano, 6 Machi 1974

Leo, nikisahihisha madaftari ya hesabu ya darasa la tano, nimefungua jalada moja na kukutana na uso wa dada yangu.

Picha imebandikwa kwa ugali, pembe moja imeliwa na mende. Serafina amekaa upande kwenye kiti cha studio pale Korogwe. Nywele zake zimechomwa kwa kitana cha moto zikanyooka, zimeinuliwa mbele zikasimama, na mkunjo mmoja umeteremka hadi karibu na jicho la kushoto. Mtindo huo wasichana wa Manundu, mtaa wetu, waliuita boflo, kwa kuwa ulisimama kama mkate. Ilikuwa Desemba ya Uhuru, mwaka sitini na moja. Yeye alikuwa na miaka ishirini, mimi kumi, na kazi yangu siku ile ilikuwa kushika kioo.

Daftari ni la Chausiku Isihaka. Nimeliita jina hilo kila asubuhi tangu Januari, nilipoletwa kufundisha kijiji hiki cha Handeni, na halikuniambia kitu. Kwetu tulimwita Rosina, na akina Isihaka huku wako kila nyumba.

Nilimwita mezani.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu, mwalimu."

"Yuko wapi?"

"Bibi anasema yuko Korogwe, atakuja." Aliipapasa picha kwa kidole kuona kama haijabanduka. "Nitamjua kwa nywele zake."

Sikumwambia kuwa mimi ni mama yake mdogo. Nilimpa alama nane kati ya kumi. Alistahili sita.

Alhamisi, 7 Machi

Jua. Watu wamepanda kwenye vumbi.

Jumapili, 10 Machi

Ninaandika ili nisiseme uongo nitakapofika kwa Serafina.

Aliolewa na Isihaka, utingo wa malori, bomani, bila kanisa na bila msikiti. Baba yetu, mzee Habakuki, alikuwa mwinjilisti kutoka milimani, na hakulitaja tena jina la binti yake mezani. Walipoachana mwaka sitini na sita mtoto alikuwa na miaka minne. Mtoto ni wa kwao, wakasema watu wa Isihaka, na kwa desturi walikuwa sawa. Bibi Mwantumu, mama yake Isihaka, alikuja mwenyewe kumchukua. Namkumbuka mlangoni kwetu, mwanamke mrefu mwenye kanga mbili, hakukaa hata kwenye kiti. Tangu siku ile nimemwita mwizi moyoni mwangu.

Kumbe ninaishi nyumba ya nne kutoka kwake, na tangu Januari ninampa shikamoo kila asubuhi bila kumtambua.

Jumamosi, 16 Machi

Manundu. Nimemkuta Serafina ametoka kazini. Anafanya kazi chumba cha burushi kwenye shamba la mkonge, vumbi la katani limempa kikohozi kisichokwisha. Ana miaka thelathini na mitatu. Meno mawili ya mbele hana.

Nilimwambia habari yote kwa mara moja, bila kuketi. Aliiweka chai chini.

"Ana picha ile?"

"Ameibandika kwenye daftari. Anasema atakujua kwa nywele."

Alicheka, kikohozi kikamkamata katikati ya kicheko. Kisha akafungua kilemba chake. Kwa miaka mitano sikuwahi kumwona bila kilemba. Pembeni nywele zipo, fupi, zimechanganyika na mvi. Utosini hakuna kitu, kovu linang'aa, upana wa kiganja.

Habari za mkasi nilizijua. Mwaka sitini na tisa, wakati wa maneno mengi juu ya nywele za kizungu na sketi fupi, vijana fulani walimzunguka sokoni, mmoja akazikata kwa mkasi wa fundi cherehani. Huyo wa mkasi alicheza naye dansi usiku wa Uhuru. Habari za kovu sikuzijua. Nywele zilipoota tena alijaribu kuzichoma mwenyewe, chumbani, kwa uma uliotiwa motoni.

"Hapakuwa na mtu wa kushika kioo," alisema. "Wewe ulikuwa shule."

Hakusema kwa kunilaumu. Nilijilaumu mwenyewe, na nadhani ndiyo sababu nilijibu vile.

"Basi tutaitengeneza boflo ile ile. Kama ilivyo kwenye picha."

"Kwa nywele zipi, mdogo wangu?"

"Tutajua."

Nilisema kama mtu aliyesimama ubaoni na hesabu anaijua.

Akaniapisha nisimwambie mtoto lolote juu ya hali yake mpaka yeye mwenyewe atakapokuja. "Asinione kwanza kwa maneno yako. Anione mimi."

Jumatatu, 25 Machi

Hakuna mvua. Mwalimu mkuu, Bwana Mdoe, amekagua vichwa paredi. Wasichana wote lazima wanyoe upara. Chausiku alirudishwa nyumbani, akarudi kichwa kinang'aa kama kovu lile.

Wakati wa mapumziko alikuja na picha. Nimemwambia kwamba ninamfahamu mama yake, basi, hilo tu. Sasa kila siku tunaitazama pamoja.

"Mkunjo uko upande wa jicho lipi?"

"La kushoto, mwalimu."

"Na sikio?"

"Moja linaonekana. Jingine limefunikwa."

Ana macho makali. Nilifurahi, kama ninavyofurahi mtoto akishika somo.

Jumanne, 2 Aprili

Mahindi yaliyoota yamekunja majani saa nne asubuhi. Wanafunzi kumi na mmoja hawakuja.

Ijumaa, 5 Aprili

Chausiku ameniambia barua imekuja kutoka kwa baba yake. Isihaka sasa yuko Tabora, kazi ya reli, ana mke na nyumba. Atakuja kumchukua mwanzo wa Juni.

Baada ya vipindi nilikwenda kwa Bibi Mwantumu. Nilikuwa na hasira na nilijiona nina haki. Alikuwa anapepeta unga wa njano wa msaada, huu ambao watu wanauita Yanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Mtoto atapelekwa Tabora kabla hajamwona mama yake?"

Aliendelea kupepeta.

"Wewe ni mdogo wake Serafina," alisema. "Nilikujua Januari, siku ile ya kwanza. Mnatembea sawa, kama mnakwepa matope."

Nilikaa.

"Picha ile ni mimi niliyempa. Nilimwambia, huyu ndiye mama yako, usimsahau. Nilituma salamu kwa watu wa mabasi mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Njooni mumwone mtoto. Nani alikuja? Miaka minane, mwalimu. Leo mtoto ameota matiti ndipo mnaona nimeiba."

"Sikusema umeiba."

"Husemi. Unanipa shikamoo kama unatema mbegu ya limau."

Alinifungia unga vibaba viwili kwenye kitambaa na kusema mlango wake uko wazi, Serafina aje siku yoyote. "Ila aje. Asitume mtu."

Nimerudi na unga wa mtu niliyemchukia miaka minane. Nimeupika. Ni mchungu kidogo, lakini unashibisha.

Jumapili, 14 Aprili. Pasaka

Hale. Nilimtafuta Mama Josefina, aliyemtengeneza Serafina nywele mwaka ule. Mume wake alijenga bwawa la umeme, kisha akabaki. Wana nyumba ya vyumba viwili, na mto Pangani nyuma yao umekonda mpaka mawe yameonekana.

"Boflo?" Alicheka mpaka akajifuta macho. "Mwanangu, mkate wenyewe hatuuoni, wewe unataka kuubeba kichwani?"

Nilimweleza. Akaacha kucheka. Alichimba chini ya kitanda akatoa kitana cha shaba, mpini umefungwa waya.

"Nilikificha wakati ule wa mikasi. Kisikilize. Ukikitoa motoni, kiguse kwenye karatasi. Karatasi ikigeuka rangi, subiri. Mafuta ya nyonyo, kidogo sana, mengi yataikaanga ngozi. Ndani ya boflo nilitia sufi, ndiyo iliyosimamisha. Na kuna jambo moja." Alinishika mkono. "Nywele za kuchoma zinaogopa maji. Hata jasho. Tone moja, zinarudi kwao. Siku ya Uhuru Serafina alivaa mfuko wa nailoni mpaka mlango wa dansi."

"Mwaka huu hakuna maji ya kuogopa, mama."

"Hilo kweli," alisema, akatazama mto.

Jumamosi, 20 Aprili

Jaribio la kwanza, Manundu. Nimemuunguza sikio. Hakulia. Nywele za pembeni zilinyooka lakini ni fupi mno, hazifiki utosini. Alionekana kama mtu aliyetoka kuumwa.

Jumamosi, 27 Aprili

Serafina ameleta singa za katani kutoka kazini, ndefu, laini, zimepigwa burushi. "Miaka mitano nimezichana kama nywele za watu," alisema. "Leo zinilipe."

Rangi ndiyo shida. Katani ni nyeupe. Tulijaribu masizi, yakabaki mikononi. Ndipo nikakumbuka wino wa unga ninaoukoroga shuleni, ule wa buluu nzito inayokaribia weusi. Nitachukua pakiti mbili. Ni wizi, na ninauandika hapa kwa jina lake.

Alhamisi, 2 Mei

Hakuna mvua. Mbuzi wa Bwana Mdoe wamekula mahindi ya shamba la kijiji na hakuna aliyewafukuza.

Jumamosi, 4 Mei

Wino niliutuma kwa mtu wa basi, na katani imekaa ndani yake siku tatu. Imeshika. Ikikauka ina mng'ao, kweli kama nywele. Serafina aliishona kwenye wavu wa uzi, usiku mbili, baada ya kazi. Vidole vyake vina wino kama vya mwanafunzi.

Jumatano, 8 Mei

Chausiku sasa anaweza kuichora boflo bila kutazama picha. Aliichora ubaoni, darasa likacheka. Nilimwambia siku: Jumamosi ya tarehe ishirini na tano.

"Na akija na kilemba, mwalimu?"

"Hatakuja na kilemba."

"Nywele hizi hizi?"

"Hizi hizi."

Jumamosi, 11 Mei

Serafina anakohoa damu kidogo. Amenikataza kuiandika.

Jumamosi, 18 Mei

Imewezekana.

Nilichoma za pembeni, nikazipandisha juu ya wavu wa katani, nikajaza sufi, nikabana kwa pini kumi na tisa. Mkunjo ukaangukia jicho la kushoto wenyewe. Nikanyanyua kioo kama mwaka ule.

Alijitazama bila kupepesa. Aligeuka upande, akainua kidevu, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu nikamwona akijipenda.

Lakini mimi nilikuwa nyuma ya kioo, na nilimwona bila kioo. Nywele zilikuwa za miaka ishirini. Chini yake kulikuwa na mashavu yaliyoingia ndani, na shingo yenye mishipa, na mdomo uliofungwa ili pengo lisionekane. Boflo ilimzeesha. Akiwa na kilemba ni mwanamke aliyechoka. Akiwa na boflo ni mwanamke aliyepoteza kitu, na kila mtu anaweza kukiona kitu chenyewe.

Ningeweza kusema, dada, fungua, nenda na kilemba, nitamwambia mtoto mimi. Zilibaki siku saba.

Nikasema, "Umependeza."

Jumapili, 26 Mei

Nitaandika ya jana yote, kisha sitaki kuyasoma.

Tulianza alfajiri, na saa mbili tukawa ndani ya basi. Hakutaka mfuko wa nailoni, alisema watu watamcheka. Walimcheka hata hivyo. Segera, tulipobadilisha gari, mwuza machungwa alimtazama juu na chini.

"Dada, umetoka mwaka gani?"

"Mwaka wa Uhuru," alisema Serafina. "Nimechelewa njiani."

Watu walicheka, naye akacheka, mkono mdomoni. Alinunua machungwa mawili ya kumpelekea mtoto. Alikuwa na furaha, hilo lazima niliandike. Ndani ya gari alifanya mazoezi kwa sauti ndogo. "Hujambo Rosina. Hapana. Hujambo Chausiku. Hujambo mwanangu."

Tuliposhuka njia panda, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kufika kijijini, upande wa mashariki ulikuwa umeiva. Niliona. Nilidhani ni kiwi cha macho yangu, kwa kuwa miezi mitatu mawingu yamekuja na kupita.

Lilianguka tone moja kwenye vumbi, zito, likaacha shimo. Serafina alisimama. Kisha likaja jingine. Nilivua kanga yangu nikamfunika, tukakimbia kuelekea kwenye mti, lakini kikohozi kilimkamata, akainama, na mvua yote ya masika iliyokosekana ikashuka juu yetu kwa pamoja.

Watu walitoka mashambani. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walisimama wamekinga mikono, mtu mmoja alicheza peke yake katikati ya njia. Nafikiri ni mimi peke yangu Handeni nzima niliyeomba ikatike.

Kanga ililowa mara moja. Nywele za pembeni zilianza kujikunja, zikipanda kuelekea ngozini. Sufi ilinyonya maji ikawa nzito, boflo ikaegemea upande, ikalala. Na wino ukaanza. Ulitoka kwenye katani ukashuka kipajini, kando ya pua, ukaingia mdomoni, ukachafua ukosi wa gauni jeupe aliloazima. Nilimfuta kwa mikono. Kadiri nilivyofuta ndivyo ulivyosambaa.

"Acha," alisema.

"Tukae hapa. Ikikauka nitarudisha..."

"Dorkasi, acha." Alichomoa pini moja moja, akanipa. Akavua wavu wa katani kama mtu anavyovua kofia ya kazi, akautia ndani ya mkoba wangu. "Twende. Nilisema nitakwenda."

Ndipo nilipoamini kuwa atajitaja. Nilitembea nyuma yake nikiamini hivyo.

Chausiku alikuwa amesimama barazani kwa bibi yake, picha ameikumbatia ndani ya jani la mgomba isilowe. Alitukimbilia kwenye mvua.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Shikamoo mama," alimwambia Serafina, kama wanavyoamkia kila mwanamke mkubwa.

"Marahaba."

Kisha akatazama nyuma yetu, njia yote hadi inapopinda. Alisimama kwa ncha za vidole.

"Mwalimu, mama yangu amebaki wapi?"

Nilifungua mdomo. Serafina alikuwa ameona jinsi mtoto alivyompita kwa macho, akitafuta nyuma yake. Akaniwahi.

"Gari lake halikufika. Mvua imelizuia."

"Unamfahamu?"

"Nafanya naye kazi."

"Bado ana nywele zile?"

"Anazo," alisema dada yangu. "Zile zile."

Bibi Mwantumu alikuwa mlangoni. Alimtazama Serafina, kovu, wino, viatu mkononi. Alimjua, naye Serafina akajua kwamba amejulikana, na akatikisa kichwa kidogo sana. Sijawahi kumwona mtu akiomba kitu kikubwa namna ile kwa ishara ndogo namna ile. Nilimwomba Bibi Mwantumu kimoyomoyo akatae. Yeye ndiye peke yake aliyekuwa na nguvu ya kukataa.

"Chausiku," alisema, "mletee mgeni maji anawe. Na ile kanga yangu kavu."

Mtoto alileta beseni. "Huu ni wino wa shule," alisema, akanitazama.

"Chupa ilimwagika kwenye mkoba," nilisema. Mimi, mwalimu.

"Hautoki kwa maji matupu. Inama, mama." Alichukua sabuni na majivu kidogo, akamshika kidevu, akamsugua kipaji, kope, pembe za mdomo. Ana mikono ya upole. Ndiye anayekoroga wino wa darasa, anajua unavyong'ang'ania. Serafina alifumba macho. Ilichukua muda, na nilimwona akigeuza uso pole pole, huku na huku, ili kule kusuguliwa kusiishe.

Tulikunywa uji. Machungwa alimpa, akisema yametoka kwa mama yake. Saa tisa tulirudi njia panda.

Nalijua kosa langu sasa. Sikumfundisha mtoto uso. Niliuliza jicho lipi, sikio lipi, mkunjo upande gani, miezi miwili, na yeye ni mwanafunzi mzuri.

Jumatano, 29 Mei

Mvua. Kila mtu anapanda upya, ingawa wote wanajua kuwa ni kuchelewa. Bwana Mdoe anasema mbegu za kijiji zimebaki gunia moja.

Ijumaa, 31 Mei

Chausiku anauliza kila asubuhi kama barabara imefunguka.

Jumamosi, 1 Juni

Isihaka amekuja na lori la ghala. Amenenepa. Hakunikumbuka.

Chausiku alibandua picha kwenye daftari akaniletea. "Akija umpe, mwalimu. Ajue nilimsubiri." Nilimwambia abaki nayo. Akasema hapana, yeye ameshaijua kwa moyo.

Nilikuwa nimeandaa sentensi. Ilikuwa na maneno manne tu. Nilisimama na sentensi yangu huku akipandishwa, na Bibi Mwantumu akaja akasimama karibu nami, mabega yetu yakagusana. Injini iliwaka. Chausiku aliinama kutoka juu.

"Na yule mama wa wino, kikohozi chake kimepona?"

"Bado."

"Mpe pole."

Lori likaondoka, likazama tope kwenye kilima, wanaume wakalisukuma, likaondoka tena. Hata nafasi hiyo ya pili sikuitumia.

Jumamosi, 8 Juni

Manundu. Nimempa Serafina picha. Hakuitazama, aliiweka chini ya godoro.

"Alisema nini?"

Nilimwambia yote, na mwisho nikasema, "Alisema, mpe pole."

"Alisemaje? Kwa sauti yake."

"Mpe pole."

"Tena."

Niliirudia kama imla, polepole, mara tatu.

Akatoa wembe, akauweka juu ya meza pamoja na kioo, akakisukuma kioo upande wangu.

"Shika," alisema. "Nyoosha mkono, usitetemeke." Akaanza kunyoa nywele zilizobaki, kutoka sikio la kushoto.